Mercedes-Benz C215

Mercedes-Benz C215, ambalo sokoni hujulikana kwa jina la CL, ni gari la kifahari la milango miwili lililotengenezwa na kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani kuanzia mwaka 1999 hadi 2006. Liliundwa katika kiwanda cha Sindelfingen, karibu na mji wa Stuttgart, kwa kufuata msingi wa gari kubwa la milango minne la S-Class la kizazi cha W220. Lilichukua nafasi ya C140, na lenyewe likafuatwa na C216 mwaka 2006.

Lilipokuwa jipya lilikuwa gari la matajiri. Nchini Marekani CL 500, ambayo ndiyo ya bei ya chini kati ya ndugu zake, iliuzwa kwa zaidi ya dola 80,000, na CL 65 AMG kwa zaidi ya dola 150,000. Leo si ajabu kukuta CL 500 iliyotembea sana ikiuzwa Uingereza au Marekani kwa chini ya dola 10,000. Kutokana na hali hiyo gari hili limepata sifa ya pili: ni rahisi kulinunua, lakini ni ghali kulitunza. Bei ya gari imeporomoka, ila bei ya vipuri vyake haikuporomoka nayo. Pampu ya gari hili ni pampu ya gari la dola 80,000, hata kama mwenye gari alilipa dola 7,000 tu. Ndiyo maana magari mengi ya aina hii huishia kukatwa vipande na kuuzwa spea wakati injini bado ni nzima.

Aina na injini

Gari hili lina uzito wa takriban kilo 1,900, na aina zenye injini kubwa huzidi hapo. Halina nguzo kati ya kioo cha mbele na cha nyuma, hivyo vioo vyote vya pembeni vikishushwa ubavu mzima wa gari hubaki wazi. Boneti na baadhi ya sehemu nyingine za bodi ni za alumini, na nyingine ni za plastiki ngumu, ili kupunguza uzito.

CL 500 ina injini ya M113 ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa lita 5.0 na nguvu za farasi 306. CL 600 ya awali ilikuwa na injini ya M137 ya silinda kumi na mbili, lita 5.8, nguvu za farasi 367. Baada ya gari kufanyiwa marekebisho mwaka 2002, CL 600 ilipewa injini mpya ya M275 ya lita 5.5 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 500. Idara ya AMG ilitengeneza CL 55, kwanza bila supachaja (nguvu za farasi 360) na baadaye ikiwa na supachaja (500), pamoja na CL 65 yenye nguvu za farasi 612. Mwaka 2000 CL 55 AMG ilitumika kama gari la usalama katika mashindano ya Formula One.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, namba hizo zina maana moja ambayo matangazo ya biashara hayaisemi: kila nguvu inapoongezeka, joto chini ya boneti huongezeka, na joto ndilo adui mkubwa wa mpira, plastiki na nyaya zilizozeeka.

Mfumo wa ABC

Sehemu iliyolipa gari hili umaarufu, na ambayo pia imewafilisi wengi, ni mfumo wa sasipensheni unaoitwa ABC. C215 ndilo gari la kwanza la Mercedes-Benz kuwa nao, na ulifungwa kwenye kila gari lililotoka kiwandani. Kwa kuwa matengenezo mengi makubwa yanatokana nao, unafaa kuelezwa kwa urefu.

Katika gari la kawaida kila gurudumu lina springi na shokamzoba, na vyuma vya kuzuia gari lisilale upande huunganisha magurudumu ya kulia na ya kushoto. C215 haina vyuma hivyo. Badala yake, juu ya kila springi kuna silinda ya haidroliki inayoweza kuisukuma springi chini au kuiachia. Sensa hupima jinsi bodi inavyoyumba, kompyuta huamua, vali hufunguka, na mafuta yenye shinikizo kubwa huingia katika silinda inayohusika. Gari linapokata kona kwenda kushoto, silinda za upande wa kulia husukuma, na bodi hubaki karibu sawa. Dereva akifunga breki ghafla, pua ya gari haizami. Mfumo huu hudhibiti mitikisiko ya polepole ya bodi, yaani ile isiyozidi takriban mara 5 kwa sekunde. Mitikisiko ya haraka zaidi huachiwa springi na shokamzoba.

Mafuta ya mfumo husukumwa na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Shinikizo hufika takriban bar 200. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo, kwa hiyo shinikizo la ABC ni takriban mara themanini hadi mia moja ya lile la tairi. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, bar 200 ni sawa na nguvu ya nyutoni 2,000 kwa kila sentimita mraba moja, yaani kana kwamba mzigo wa kilo 200 umewekwa juu ya eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. Mpira wa duara wenye unene wa milimita chache tu ndio unaozuia nguvu hiyo isitoke nje. Mpira huo ukiwa na miaka ishirini, haishangazi kwamba huchoka.

Jinsi mfumo unavyoharibika

Uharibifu wa ABC mara nyingi huenda kwa mfululizo. Kifaa kidogo hufa kwanza, na kisipobadilishwa huua kikubwa zaidi.

Mwanzo wa mfululizo huo huwa ni matungi ya gesi. Mfumo una matungi madogo ya chuma, kila moja likiwa limegawanywa ndani na ngozi ya mpira: upande mmoja gesi ya nitrojeni, upande wa pili mafuta. Kazi yake ni kumeza mapigo ya pampu na kuweka akiba ya shinikizo. Ngozi hiyo ikichoka au gesi ikivuja kwa miaka, mapigo ya pampu huenda moja kwa moja kwenye mabomba. Dereva husikia usukani ukitetemeka au sauti ya kugonga gari likiwa limesimama. Wengi hupuuza, kwa kuwa gari bado linakwenda. Baada ya miezi kadhaa bomba moja hupasuka, na mafuta yote humwagika barabarani ndani ya dakika chache.

Hapo ndipo hatua ya pili huanza. Pampu inayozunguka bila mafuta husagika, kwa sababu mafuta hayo ndiyo pia yanayoilainisha. Chembe za chuma kutoka kwenye pampu husafiri hadi kwenye masanduku ya vali, mbele na nyuma, na kuingia katika matundu membamba sana. Mwenye gari ambaye angebadilisha tungi la gesi kwa dola 100 mpaka 300 sasa anahitaji bomba, pampu, kusafisha mfumo mzima, na pengine masanduku mawili ya vali. Pampu mpya kwa kawaida hugharimu kati ya dola 1,000 na 2,000. Iliyofanyiwa ukarabati hupatikana kwa chini ya nusu ya hapo, lakini ubora wake hutegemea nani aliyeikarabati.

Kuna pia kifaa cha kutuliza mapigo kilicho karibu na pampu. Ngozi yake ya mpira ikipasuka, vipande vyake huingia kwenye mafuta na kuziba vali. Fundi anayebadilisha vali bila kutafuta mpira ulitoka wapi atairudia kazi hiyohiyo baada ya muda mfupi.

Silinda za magurudumu nazo huvuja. Mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 kila moja, na ziko nne. Zilizokarabatiwa hugharimu takriban nusu. Kwa kuwa zote nne zina umri mmoja na zimetembea barabara moja, ni nadra moja kuvuja peke yake kwa muda mrefu kabla ya nyingine kufuata.

Gari kushuka usiku

Malalamiko ya kawaida kabisa ni kwamba gari huegeshwa jioni likiwa limesimama vizuri, na asubuhi kona moja imelala. Mnunuzi mgeni hudhani silinda imekufa. Mara nyingi sivyo. Kama hakuna mafuta yaliyodondoka chini, kinachovuja ni ndani ya sanduku la vali: oringi za vali inayofunga kona hiyo zimekauka, na mafuta hurudi polepole kwenye tangi. Kushuka kidogo baada ya siku nyingi ni jambo la kawaida hata kwa gari zima. Kushuka kwa usiku mmoja si kawaida.

Tofauti hii ina thamani kubwa ya fedha. Seti ya oringi ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na silinda, ingawa kazi ya kulifungua sanduku inahitaji usafi kama wa chumba cha upasuaji, maana punje moja ya mchanga inatosha kukwamisha vali. Gereji isiyoujua mfumo huu hubadilisha silinda kwanza, gari huendelea kushuka, na mwenye gari hulipa mara mbili.

Mafuta ya mfumo

ABC hutumia mafuta maalumu ya haidroliki ya rangi ya kijani. Mafuta ya kawaida ya usukani au ya giaboksi, ambayo huwa mekundu, hayafai kuwekwa humo. Mafuta mekundu yakionekana katika tangi la ABC ni dalili kwamba gari lilipita mikononi mwa mtu asiyejua alichokuwa akikifanya, na bei inafaa kushushwa kwa sababu hiyo, au gari liachwe.

Ratiba ya kiwanda haikutilia mkazo kubadilisha mafuta haya, na hilo limeleta hasara nyingi. Mafundi wanaoyajua magari haya hubadilisha mafuta na chujio kila baada ya miaka michache. Husafisha mfumo huku gari likipandishwa na kushushwa mara nyingi kwa kutumia mashine ya kupimia, ili uchafu uliojificha kwenye silinda utoke. Gharama yake ni ya lita kadhaa za mafuta, chujio na saa chache za kazi. Hakuna matengenezo mengine ya gari hili yanayookoa fedha nyingi kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Hatari kwa fundi

Kuna jambo ambalo si la fedha. Mtu haruhusiwi kuingia chini ya C215 iliyosimama kwa nguvu ya ABC pekee, au iliyoinuliwa kwa jeki bila stendi imara. Bomba likifunguliwa au vali ikiachia, bodi hushuka ghafla hadi kwenye vizuizi vya mpira, na nafasi iliyokuwa ikimtosha mtu haipo tena. Vilevile, mfumo unaweza kubaki na shinikizo hata injini ikiwa imezimwa. Uzi mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye tundu dogo kwa bar 200 unaweza kupenya ngozi ya mkono. Jeraha lake huonekana dogo kama la sindano, lakini linahitaji hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo uvujaji hautafutwi kwa kupapasa kwa vidole. Fundi hutumia kipande cha kadibodi, na hufungua mabomba baada ya kuachia shinikizo kwanza.

Mafuta yanayovuja karibu na ekzosi yenye moto yanaweza pia kuwaka. Ujumbe mwekundu wa ABC ukitokea kwenye dashibodi ukimtaka dereva asimame, maana yake ni kusimama, hata kama nyumbani ni kilomita tano tu. Ujumbe mweupe unampa nafasi ya kufika gereji kwa mwendo wa taratibu.

Kuondoa ABC

Kampuni za vipuri, hasa za Marekani, huuza seti za springi na shokamzoba za kawaida za kuchukua nafasi ya ABC, kwa kawaida kati ya dola 1,500 na 3,000 kwa magurudumu yote manne. Kwa mtu aliyekabiliwa na hesabu ya dola 6,000 za pampu na silinda, hilo huonekana kama mlango wa wokovu.

Lakini gari halikuundwa hivyo. Kwa kuwa halina vyuma vya kuzuia kulala upande, likifungwa springi za kawaida hulala sana kwenye kona, na uzito wa karibu tani mbili huonekana. Kompyuta nayo huendelea kuona hitilafu mpaka idanganywe kwa kifaa maalumu. Thamani ya gari hushuka zaidi, kwa sababu wanaolitafuta gari hili wanautafuta mfumo huo. Mabadiliko haya yana maana kwa gari la kutumia kila siku ambalo vinginevyo lingetupwa. Kwa CL 600 au CL 65 iliyo nzima ni uharibifu.

Injini

Injini ya M113 ya CL 500 ni miongoni mwa injini imara zaidi zilizowahi kutengenezwa na kampuni hiyo, na mara nyingi hudumu kuliko gari lenyewe. Huvuja oili kwenye vifuniko vya vali na kwenye vifuniko vya hewa vilivyo juu yake. Oili hudondoka kwenye ekzosi na kutoa harufu ya kuungua. Plagi zake ni 16, mbili kwa kila silinda, jambo ambalo humshtua anayezinunua kwa mara ya kwanza. Puli kubwa ya mbele ina tabaka la mpira kati ya vyuma viwili. Mpira huo ukiachia, puli huyumba na inaweza kukwaruza kifuniko cha mbele cha injini. Ni vizuri kuitazama injini ikiwa inazunguka: puli ikionekana kucheza, ibadilishwe mara moja.

Hitilafu ya kuudhi zaidi ni ya sensa ya mzunguko wa krenki. Gari huzima ghafla injini ikiwa ya moto, hukataa kuwaka, kisha huwaka lenyewe baada ya nusu saa kana kwamba hakikutokea kitu. Sensa yenyewe kwa kawaida haifiki dola 100. Watu wamebadilisha pampu ya petroli na betri kabla ya kuifikia.

Injini za silinda kumi na mbili ni habari nyingine. M137 na M275 zina plagi 24. Badala ya koili moja kwa kila plagi, kila upande wa injini una kifaa kimoja kirefu chenye koili zote za upande huo, kimekaa juu ya injini ambako joto ni kali. Koili moja ndani yake ikifa, silinda moja huanza kukosa moto, na kifaa kizima hubadilishwa. Bei yake dukani ni dola 1,000 au zaidi kwa kila upande. Wapo mafundi wanaokifungua na kukikarabati kwa bei ya chini, na kazi yao mara nyingi hufaa. Injini inayokosa moto isipotengenezwa haraka, petroli ambayo haikuungua huingia katika kichujio cha ekzosi, kile ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega, na kukiyeyusha kwa joto. Hapo bili hupanda tena.

Katika aina zenye turbo au supachaja, hewa inayoingia kwenye injini hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu ndogo ya umeme. Pampu hiyo hufa kimya kimya, bila sauti yoyote. Dereva huona tu kwamba gari limepungua nguvu siku ya jua kali. Ni kifaa cha bei ya wastani na kukibadilisha si kazi ngumu, lakini wengi hawajui kama kipo.

Giaboksi

Magari mengi ya C215 yana giaboksi ya otomatiki ya gia tano, ambayo ni imara. CL 500 za mwishoni zilipewa ya gia saba, lakini CL 600 yenye turbo na CL 65 zilibaki na gia tano, kwa sababu giaboksi mpya haikuwa na uwezo wa kubeba torki ya injini hizo, nyutoni-mita 800 na 1,000.

Mwanzoni ilielezwa kuwa mafuta ya giaboksi hii ya gia tano hayahitaji kubadilishwa maisha yote ya gari. Baadaye ushauri huo ulibadilishwa, na leo kubadilisha kila kilomita 60,000 hivi huonwa kuwa busara. Gari ambalo halijabadilishiwa kwa kilomita 200,000 hushtuka linapobadili gia. Tatizo jingine ni soketi ya plastiki inayopitisha nyaya kwenye ubavu wa giaboksi. Oringi zake huchoka, mafuta hutambaa ndani ya nyaya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na hatimaye hufika kwenye kompyuta ya giaboksi. Soketi hiyo haizidi dola 20 au 30. Kompyuta ni mamia ya dola. Kila gari la aina hii linapopandishwa juu, soketi hiyo itazamwe.

Umeme na bodi

Redio, simu na ramani katika magari ya awali ziliunganishwa kwa waya wa nuru uliofungwa kama duara. Kifaa kimoja kikifa, duara hukatika, na vyote hunyamaza. Fundi anayelijua hilo huruka kifaa kimoja baada ya kingine mpaka ampate mgonjwa. Asiyelijua huuza redio mpya. Kufuli za milango na baadhi ya vitu vya anasa huendeshwa kwa hewa kutoka kwenye pampu moja, hivyo milango ikianza kujifunga polepole au kukataa, mara nyingi chanzo ni hiyo pampu au bomba lake lililopasuka.

Majani ya miti huziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele. Maji yakikosa njia huingia kwenye masanduku ya fyuzi na kompyuta, na kuanzia hapo gari huonyesha hitilafu ambazo hazifuatani: taa, honi, vioo. Kuondoa majani kwa mkono mara mbili kwa mwaka hakugharimu chochote.

Kutu si tatizo kubwa kama kwa baadhi ya Mercedes nyingine za miaka hiyo, lakini ipo, hasa kwenye matao ya magurudumu. Alumini ya boneti haishiki kutu nyekundu, bali hutoa unga mweupe na malengelenge chini ya rangi, hasa pale inapogusana na chuma cha aina nyingine na unyevu ukawepo. Mikono ya sasipensheni ya mbele na bushi zake huchoka mapema kutokana na uzito.

Hesabu ya kumiliki

Mnunuzi mwenye busara Ulaya au Marekani hahesabu bei ya gari peke yake. Gereji za huko hutoza kati ya dola 100 na 200 kwa saa moja ya fundi, na kazi nyingi za gari hili ni za saa nyingi. Gari la dola 8,000 linaweza kuhitaji dola 4,000 au 5,000 katika mwaka wa kwanza bila muuzaji kuwa amedanganya lolote. Ni matengenezo ambayo mwenye gari aliyetangulia aliyaahirisha. Hivyo CL 500 ya dola 12,000 yenye risiti za miaka kumi mara nyingi ni rahisi kuliko ya dola 6,000 isiyo na karatasi yoyote. Kati ya aina zote, CL 500 ndiyo inayofaa kwa mtu wa kipato cha kawaida. CL 600 ya awali yenye injini ya M137 ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa ina gharama zote za silinda kumi na mbili bila nguvu za zile zilizofuata.

Kabla ya kulipa, gari huachwa usiku kucha. Umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi tao lake hupimwa jioni na asubuhi kwenye kona zote nne na kuandikwa. Injini huwashwa ikiwa baridi, gari hupandishwa kwa kitufe chake, na pande zote zinatakiwa kupanda kwa pamoja. Rangi ya mafuta ya ABC hutazamwa. Kompyuta zote husomwa kwa mashine inayozifahamu Mercedes, kwa sababu kisomaji cha bei rahisi huona injini tu na hakioni ABC. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha gari na kulipandisha kabla mnunuzi hajafika huenda ana sababu.

Afrika Mashariki

Gari hili ni nadra Afrika Mashariki. Magari yaliyotumika huingia Kenya, Uganda na Tanzania zaidi kutoka Japani na Uingereza, nchi ambazo nazo huendesha upande wa kushoto wa barabara. Nchini Japani kodi ya mwaka hufuata ukubwa wa injini na huongezwa kwa gari la petroli lililozidi miaka 13, hivyo magari makubwa ya zamani husukumwa kwenye minada na kuuzwa nje. Hata hivyo si kila Mercedes iliyotoka Japani ina usukani wa kulia. Wanunuzi matajiri wa huko walipenda usukani wa kushoto kama ishara ya ugeni wa gari.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia magari yenye miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo C215 zilizoko katika nchi hizo ziliingia zamani. Tanzania haizuii kwa umri, ila hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani, na injini kubwa huongeza mzigo huo.

Kwa aliye nalo, tatizo si ufundi. Mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi wamezoea Mercedes kwa miaka mingi. Tatizo ni vumbi, mashimo na matuta, ambavyo huzitesa silinda na sili za ABC kuliko barabara za Ujerumani zilivyotarajiwa kufanya, pamoja na kusubiri vipuri kutoka nje. Mafuta ya kijani ya ABC hayapatikani kila duka, na jaribu la kumimina mafuta mekundu ya usukani ili gari lifike nyumbani ni kubwa. Mwenye gari huweka lita mbili za akiba ndani ya buti.